Tarishi na Mkurugenzi

Mtu akionekana ameshika tama, chakula kimepoa mbele yake, sisi husema, "Huyo ana mawazo." Hatutaji ni mawazo ya nini, kuwa nayo tu kunatosha kuhesabiwa ugonjwa. Wataalamu wametupa jina refu zaidi, msongo wa mawazo, na watu wa mjini wamejipatia jina fupi, presha, ambalo ndilo hilo hilo la shinikizo la damu. Katika miaka yangu ya ukarani nimeyasikia majina yote matatu. Nilipostaafu nilipata nafasi ya kusoma elimu hii ilikotoka, nikaona historia yake yafaa isimuliwe, maana inamgusa kila mwenye bosi na kila aliye bosi.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini, huko Marekani, mwanasayansi Walter Cannon alieleza jinsi mwili wa mnyama aliyeshtuka unavyojiandaa kupigana au kukimbia: moyo huenda mbio, damu hukimbilia kwenye misuli, na tumbo huacha kusaga chakula. Baada yake akaja Hans Selye, mzaliwa wa Vienna wa mwaka 1907, aliyefanya kazi Montreal nchini Kanada. Selye alikuwa akitafuta homoni mpya kwa kuwadunga panya sindano. Alipowapasua aliona mambo matatu: tezi zilizo juu ya figo zimevimba, tezi ya kifuani imesinyaa, na tumbo lina vidonda. Alifurahi, akidhani ameipata homoni yake. Lakini panya wengine aliowadunga vitu tofauti kabisa, na wengine aliowaweka kwenye baridi kali au kuwachosha kwa mazoezi, walitoka na dalili zile zile. Basi haikuwa homoni. Ulikuwa ni mwili ukilalamika kwa lugha moja dhidi ya mateso mbalimbali. Mwaka 1936 alichapisha barua fupi katika jarida la Nature, akaeleza kwamba mwili kwanza hushtuka, kisha hustahimili, na mateso yakizidi kuendelea, huishiwa nguvu. Baadaye akauita mzigo huo kwa neno la wahandisi, lile wanalolitumia kwa nguvu inayokandamiza chuma.

Hapa msomaji awe mwangalifu. Nyaraka za kampuni za sigara zilizokuja kufichuliwa zilionyesha kwamba kampuni hizo zilimpa Selye fedha za utafiti. Faida yao si vigumu kuiona: moyo ukilaumiwa kwa mawazo, sigara hupata nafuu. Kwa hiyo lilibaki swali zito. Je, ni kweli kazi inaweza kuuguza moyo, au ni kisingizio tu?

Jibu nililolipenda zaidi lilitoka London, katika ofisi za serikali ya Uingereza. Wakati huo watu wengi waliamini kwamba ugonjwa wa moyo ni ugonjwa wa wakubwa, wenye simu tatu mezani na maamuzi mazito kichwani. Kuanzia mwaka 1967 watafiti waliwapima watumishi wa serikali zaidi ya 17,000, wote wanaume, kisha wakawafuatilia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 yaliwashangaza wengi. Katika muda wa miaka saba na nusu, watu wa daraja la chini kabisa, matarishi na wenzao, walikufa kwa ugonjwa wa moyo mara 3.6 zaidi ya wale wa daraja la juu kabisa. Tena haikuwa habari ya juu na chini tu. Kila ngazi uliyoshuka, hatari iliongezeka. Ni kweli watu wa chini walivuta sigara zaidi, lakini sigara, shinikizo la damu na mengineyo yaliyopimwa yalieleza sehemu tu ya tofauti hiyo.

Utafiti wa pili ulianza mwaka 1985, safari hii na wanawake pia, jumla watu 10,308, chini ya Michael Marmot. Huu ulizama katika kazi yenyewe, na mwaka 1997 ukaonyesha kwamba mtu asiye na kauli juu ya kazi yake, asiyeamua afanye nini, lini wala namna gani, yuko katika hatari kubwa zaidi ya moyo. Mkurugenzi ana mengi ya kufanya, lakini hupanga mwenyewe. Tarishi hupangiwa.

Nilipoyasoma haya nilimkumbuka tarishi wa ofisi moja niliyofanyia kazi. Alijua kila faili lilipo kuliko sisi makarani. Kutwa alikaa kwenye benchi la ukumbini akisikiliza kengele. Haikupigwa mara nyingi, na wakubwa walimwona ni mtu wa kustarehe. Ndiyo maana wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hakuweza kwenda msalani bila kuangalia nyuma, wala kwenda kuzika bila kuomba mara mbili. Alipigwa na kiharusi miaka miwili kabla ya kustaafu. Siwezi kusema kengele ndiyo iliyomwangusha. Tafiti hizi husema juu ya maelfu, hazisemi juu ya mtu mmoja. Lakini tangu nizisome, sithubutu tena kusema kazi yake ilikuwa nyepesi.

Tunashauriwa tulale vya kutosha, tutembee, tuswali au tusali, tukae barazani na wenzetu. Ushauri huo ni mwema, nami naufuata. Hata hivyo wote humwendea aliyebeba mzigo, wala haumwendei aliyeufunga. Niliwahi kuwa chini ya mkuu wa idara aliyetuachia makarani tugawane kazi na kupangiana likizo wenyewe. Mafaili yalikuwa yale yale na mshahara ule ule, lakini asubuhi hatukuiogopa.

Na jambo hili haliishii ofisini. Yule anayerudi jioni akilalamikia bosi wake, mara nyingi ni bosi nyumbani kwake. Kuna msichana wa kazi jikoni anayesikiliza aitwe. Ndugu msomaji, muulize leo angependa kupumzika saa ngapi, kisha umwache apumzike saa hiyo.