Kifo cha seli: safari ya kutafuta ushahidi kwenye hadubini

Katika mwili wenye afya, seli hufa kila siku kwa utaratibu. Hunywea, hukatika vipande na kumezwa na seli nyingine, bila jeraha wala kovu. Kifo hicho kikizuiwa, saratani hupata njia. Ndiyo maana wanasayansi wamehangaika miaka mingi kutafuta namna ya kukitambua katika kinyama kilichotolewa mwilini.

Dalili zilionekana mapema. Mwaka 1842 Carl Vogt alieleza seli zinazokufa katika viluwiluwi wa chura wakati wakikua. Mwaka 1885 Walther Flemming akachora viini vya seli vikivunjikavunjika ndani ya ovari. Lakini kwa miongo mingi hakuna aliyeunganisha habari hizo.

Aliyeuamsha mjadala ni John Kerr, mwanapatholojia kutoka Australia, alipokuwa akisoma London mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alifunga mshipa unaopeleka damu kwenye sehemu ya ini la panya. Baadhi ya seli zilivimba na kupasuka, chembe nyeupe za damu zikamiminika pale. Kando yake, seli moja moja zilikuwa zikinywea kimya, na vifuko vyake vya vimeng'enya vilikuwa bado vizima. Kerr aliona kuwa hivyo ni vifo viwili tofauti. Mwaka 1972, akiwa Aberdeen, Uskoti, pamoja na Andrew Wyllie na Alastair Currie, alichapisha makala iliyokipa kifo hicho cha pili jina la apoptosisi.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari hii. Limfoma ya Burkitt, iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1958, hutambulika kwa madoa meupe yaliyotapakaa kama nyota usiku. Kila doa ni seli mlaji iliyomeza mabaki ya seli za saratani zilizokufa kwa apoptosisi.

Hata hivyo, jicho lina mipaka. Apoptosisi humalizika kwa saa chache, hivyo kipande kimoja cha tishu huonyesha seli chache tu zikiwa katika hali hiyo. Mwaka 1980 Wyllie alionyesha kuwa DNA ya seli hizo hukatwa kwa vipimo vinavyolingana, ikapangika kama ngazi ilipopimwa. Tatizo ni kwamba ili kuitoa DNA ilibidi seli zivunjwe, na mtafiti hakujua tena ni seli ipi iliyokufa.

Jibu lilitoka Jerusalem mwaka 1992. Yael Gavrieli, Yoav Sherman na Shmuel Ben-Sasson walitumia kimeng'enya kinachobandika alama kwenye ncha za DNA iliyokatika, ndani ya tishu iliyohifadhiwa kwa fomalini na nta. Njia hiyo, TUNEL, ilienea haraka katika maabara za dunia, na mara nyingi kila seli iliyoshika rangi ilihesabiwa kuwa apoptosisi.

Mwaka 1995 watafiti wa Vienna walitoa onyo. Katika maini ya panya, TUNEL ilitia rangi pia seli zilizokufa kwa sumu na zile zilizoharibika baada ya mnyama kufa, kwa kuwa nazo DNA yake hukatika. Baadaye zikaja kingamwili zinazotambua kaspasi-3, protini inayotekeleza apoptosisi, pale tu inapokuwa imeamshwa. Huo ni ushahidi bora, lakini nao hautoshi, maana seli zinaweza kufa kwa njia nyingine zisizoihitaji protini hiyo.

Historia hii inatufundisha kwamba hakuna rangi moja inayostahili kuaminiwa peke yake. Kwa mwanafunzi na mtaalamu wa maabara: tia kinyama kwenye fomalini bila kuchelewa, tumia vipimo viwili vya aina tofauti, kisha angalia umbo la seli lenyewe, kama Kerr alivyofanya. Kipimo kisichokubaliana na umbo hilo kirudiwe.