Thimlich Ohinga: Mjengo wa Mawe Usio na Saruji

Muulize kijana yeyote wa Kenya akutajie jengo la kale. Fort Jesus. Ukimsukuma kidogo, Lamu. Migori? Hapana. Watu wanaona ni kama kwetu historia ya ujenzi ilianza na mabati. Hiyo si kweli, na leo tutaongea ukweli.

Kilomita 46 hivi kaskazini-magharibi mwa mji wa Migori kuna Thimlich Ohinga. Jina ni la Kijaluo: thim lich ni msitu mnene wa kutisha, na ohinga ni boma lililozungushiwa ukuta. Wataalamu wanasema ulianza kujengwa karne ya 16. Kuta zina urefu wa kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wa karibu mita moja. Saruji? Hakuna. Udongo wa kushikanisha? Hakuna pia. Ni jiwe juu ya jiwe tu.

Sasa usidhani ni mawe yalirundikwa ovyo. Mafundi walipanga safu mbili, ya nje na ya ndani, halafu katikati wakajaza mawe madogo ya kuzishikilia. Milango iliachwa mifupi makusudi: adui akitaka kuingia lazima ainame, na mtu aliyeinama hawezi kurusha mkuki. Ng'ombe walikuwa na zizi lao ndani, na kulikuwa na mahali pa kufua chuma. Huo ni mji, bana.

Hebu linganisha. Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, yaani karne hiyohiyo. Wareno ndio walioijenga, na ramani ilichorwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Jina lake tunalo. Waliojenga Thimlich hatuna jina la hata mmoja wao. Tunachojua ni kwamba jamii mbalimbali ziliishi pale kwa zamu, za Kibantu na za Kiniloti, na kila aliyekuja alikarabati alichokikuta. Wareno walijenga ngome ya kulinda biashara yao kwenye pwani ya wenyewe. Watu wetu walijenga ya kulinda watoto na mifugo. Mbona basi ya kwanza ndiyo tunapigia picha?

UNESCO iliiorodhesha Lamu 2001, Fort Jesus 2011, na Thimlich 2018. Kwa hivyo dunia imeshakubali. Wenye hatujakubali ni sisi.

Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Ndani ya zile kuta kulikuwa na nyumba za miti, udongo na nyasi. Zote zimeenda. Mti huliwa na mchwa, nyasi huoza, na ukisimama pale leo unaona tu alama za mahali nyumba zilikuwa. Kilichobaki ni jiwe. Lakini hata jiwe lina adui: mizizi ya miti inasukuma ukuta, mifugo inapanda juu, na mtu anahitaji mawe ya msingi wa nyumba yake. Ukuta usio na saruji unasimama kwa sababu kila jiwe limebanwa na mwenzake. Ukitoa moja, umelegeza mengine kumi.

Thimlich angalau ina walinzi. Ila haiko peke yake. Maboma ya aina hii ni mamia, yametapakaa katika iliyokuwa South Nyanza, Migori hadi Homa Bay. Mengi yako ndani ya mashamba ya watu, yamefunikwa na vichaka, bila hata ubao. Wazee huyaita gunda, yaani boma lililohamwa, na wanajua ni nani alikaa wapi. Wazee hao wakiondoka, tutabaki na mawe yasiyo na hadithi.

Maoni yangu ni haya: shule za Homa Bay na Migori zipeleke watoto Thimlich kabla ya kuwapandisha basi la Mombasa. Na wewe unayesoma, ukienda ushago Desemba, muulize dani kama kuna ohinga karibu na boma lenu. Rekodi anachosema kwa simu yako. Piga picha. Jiwe liache pale pale lilipo.