Darubini ya Breezy Hill: Mafundi wa Kiwandani Walivyojijengea Kituo cha Nyota

Wazee wetu walilima kwa kutazama Kilimia. Kilipoonekana walijua msimu umefika, na hakuna aliyelipa senti kukitazama, kwa sababu anga ni mali ya kila mtu. Lakini macho matupu yana mwisho wake. Ukitaka kuona pete za sayari ya Zohali au mabonde ya mwezini, unahitaji darubini, na kwa karne nyingi darubini nzuri ilikuwa mali ya wafalme, vyuo vikuu na matajiri. Mwaka huu tunasimulia habari za mafundi wa mji mmoja mdogo nchini Marekani ambao hawakuridhika na hali hiyo.

Mji wenyewe unaitwa Springfield, katika jimbo la Vermont. Uko bondeni kando ya Mto Black, na mwanzoni mwa karne ya 20 uliishi kwa viwanda vya kutengeneza mashine: mashine za kukereza chuma, za kukata meno ya gia, za kusaga vyuma hadi vipimo vidogo sana. Watu wengi wa pale walikuwa mafundi. Kazi yao ya kila siku iliwafundisha jambo moja, kwamba kosa dogo lisiloonekana kwa macho linaweza kuharibu kazi nzima.

Kiongozi wa kiwanda kimojawapo, Jones & Lamson, alikuwa James Hartness, mvumbuzi aliyekuja kuwa gavana wa Vermont kuanzia 1921 hadi 1923. Hartness alipenda nyota. Mwaka 1910 alijijengea darubini nyumbani kwake, yenye lenzi ya upana wa inchi 10, ndani ya kibanda cha chuma kinachozunguka kama kichwa cha bundi. Baridi ya Vermont wakati wa kipupwe ni kali mno, kwa hiyo aliibuni ili mtazamaji akae ndani kwenye joto. Alichimba hata njia ya chini ya ardhi kutoka nyumbani hadi kwenye darubini. Ilikuwa kazi ya ajabu, lakini ilikuwa darubini ya mtu mmoja mwenye uwezo. Mfanyakazi wake wa kawaida asingeweza kununua hata lenzi yake.

Aliyebadili mambo alikuwa mzaliwa wa mji huohuo, Russell W. Porter, aliyezaliwa 1871. Porter alisomea usanifu wa majengo katika chuo cha MIT, kisha akatumia miaka mingi ya ujana wake katika misafara ya Aktiki, akichora ramani na picha kwenye barafu. Baadaye alihamia pwani ya Maine, na huko akajifunza kutengeneza darubini kwa mikono yake. Mwaka 1919 Hartness alimwita arudi Springfield kufanya kazi kiwandani.

Mwaka uliofuata, mwezi Agosti 1920, Porter alianzisha darasa. Walijiandikisha wanaume 15 na mwanamke 1, wengi wao wafanyakazi wa kiwanda. Hakuwaahidi darubini ya kutazamia kwa zamu. Aliwaahidi kwamba kila mmoja atatengeneza yake.

Yafaa tueleze kazi hiyo, maana ndiyo kiini cha habari hii. Darubini ya Porter haikutumia lenzi kubwa mbele, bali kioo kilichobonyea kidogo kama sahani, kinachokusanya mwanga wa nyota mahali pamoja. Fundi huchukua vipande viwili vya kioo kinene vya mviringo. Kimoja hukifunga juu ya meza, kingine hukiweka juu yake, na katikati hutia maji na unga mgumu wa kusugulia. Kisha husukuma na kuvuta huku akiizunguka meza hatua kwa hatua. Kwa mwendo huo cha juu huanza kubonyea na cha chini huvimba. Saa baada ya saa fundi hubadilisha unga, kutoka mkavu wa chembe kubwa hadi ule laini kama poda. Mwisho husugua kwa lami na unga mwekundu wa kutu ya chuma mpaka kioo king'ae.

Hapo ndipo kazi ngumu huanza. Ili nyota ionekane kama nukta safi, uso wa kioo haupaswi kukosea umbo lake hata kwa sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Hakuna rula ya kupima hivyo. Lakini Mfaransa Léon Foucault alikuwa amevumbua njia yake katikati ya karne ya 19, na njia hiyo inahitaji taa yenye tundu dogo na wembe tu. Mwanga hutumwa kwenye kioo, unaporudi wembe huukata, na kivuli kinachotokea usoni mwa kioo huonyesha wapi pamezidi na wapi pamepungua. Kwa taa na wembe mtu wa kawaida alipata kipimo kinacholingana na cha maabara. Kilichobaki ni uvumilivu, na uvumilivu hauuzwi dukani.

Darasa lile lilifaulu. Waliomaliza vioo vyao hawakutaka kutawanyika, na Desemba 1923 wakaunda chama, Springfield Telescope Makers, yaani Watengeneza Darubini wa Springfield. Porter alikuwa na ardhi nje ya mji, juu ya kilima kiitwacho Breezy Hill, mbali na taa za viwanda. Wanachama walijenga huko nyumba ya mbao kwa nguvu zao wenyewe, na kufikia 1924 ilikuwa tayari. Waliiita Stellafane, kutokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya hekalu la nyota. Kwenye paji la nyumba wakaandika maneno yanayoanza Zaburi ya 19. Nyumba hiyo, iliyopakwa rangi ya waridi, ipo hadi leo.

Sifa zao zilivuka mipaka ya mji haraka kuliko walivyotarajia. Mwaka 1925 Albert Ingalls, mhariri wa jarida la Scientific American, aliwatembelea. Makala yake ya Novemba mwaka huo iliwaeleza wasomaji wa Marekani nzima kwamba mafundi wa kiwandani wanajitengenezea darubini. Wasomaji wengi wakataka kujua wafanyeje. Porter akaandika maelekezo, na mwaka 1926 yakatoka kama kitabu. Mwaka huohuo, 1926, wapenzi wa darubini walikutana Breezy Hill kwa mkutano wa kwanza. Mikutano ilisimama wakati wa Vita Kuu ya Pili, lakini baada ya vita iliendelea, na hadi sasa watu hupanda kilima kile wakati wa kiangazi wakiwa na darubini walizojitengenezea.

Hapo katikati chama kilikutana na mtihani ambao kila mwanachama wa chama chochote cha maendeleo anaujua. Mwishoni mwa 1928 Porter aliitwa California kusaidia kubuni darubini kubwa kuliko zote duniani kwa wakati huo, ile ya inchi 200 ya mlima Palomar. Aliondoka na hakurudi tena kuishi Springfield. Mwanzilishi, mwalimu, mchoraji na mwenye kilima alikuwa ameondoka, wakati chama kilikuwa na mpango mkubwa kuliko yote ambao haujakamilika: darubini ya pamoja juu ya Breezy Hill.

Darubini hiyo ilibuniwa na Porter kwa kufuata wazo la Hartness la mtazamaji kukaa ndani kwenye joto. Tofauti ni kwamba mahali pa lenzi ya bei kubwa palikuwa na kioo cha inchi 12, cha aina ileile ambayo wanachama walikuwa wamejifunza kuitengeneza mezani. Kibanda chake kinazunguka kufuata anga, vioo vinakaa nje kwenye baridi, na mwanga unaelekezwa ndani mpaka kwenye jicho la mtazamaji. Ilikamilika mwaka 1930, Porter akiwa California na nchi nzima ikiwa imeingia katika mdororo mkubwa wa uchumi.

Kwa nini haikufa? Jibu liko kwenye darasa la 1920. Kama Porter angewatengenezea darubini moja nzuri na kuwakabidhi ufunguo, ujuzi ungeondoka naye kwenye treni ya California. Lakini yeye aliwaacha watu wengi ambao kila mmoja alijua kusugua kioo, kukipima kwa wembe na kukirekebisha kikikosea. Chama kililinda jambo hilo kwa sharti la uanachama: aliyetaka kuingia alitakiwa awe ametengeneza darubini yake mwenyewe. Sharti hilo halikujali cheo wala mfuko wa mtu.

Darubini ya Palomar ilizinduliwa mwaka 1948, na Porter alifariki Februari 1949. Huko Springfield mambo hayakubaki yalivyokuwa. Kuanzia miaka ya 1980 viwanda vya mashine vilivyoulisha mji vilidorora, na hatimaye milango yake mikubwa ikafungwa. Mafundi walitafuta kazi kwingine. Lakini Stellafane haikufungwa. Mwaka 1989 serikali ya Marekani iliitambua kuwa eneo la kihistoria la kitaifa, na miaka ya 1990 wanachama wakaongeza kituo kingine chenye darubini ya inchi 13, nayo pia kazi ya mikono ya wanachama.

Ndugu msomaji, mji ule ulipata darubini mbili zenye wazo moja. Ya kwanza ilijengwa na tajiri mwema mwaka 1910, na tunamshukuru kwa kuanzisha. Ya pili ilijengwa na wafanyakazi wake miaka 20 baadaye, na ndiyo iliyozaa nyingine. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mafundi wa Springfield wangeongeza kwamba vidole vyote vifundishwe kazi, ili siku kimoja kikiondoka, mkono usishindwe.