Kipimo cha Mbingu

Aonaye nuru gizani hawezi kusema kama ni ya taa kubwa iliyo mbali au ya koroboi iliyo karibu. Wanafalaki walisumbuliwa na shaka hiyo kwa karne nyingi: nyota walizihesabu, masafa yake hawakuyajua.

Ufunguo ulipatikana kwa Henrietta Leavitt, mwanamke mzito wa kusikia, aliyechunguza vioo vya picha za mbingu katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kwa ujira wa senti 30 kwa saa. Picha zilipigwa Peru, nazo zilionyesha Mawingu ya Magellan, mabaka mawili meupe ya anga la kusini. Humo zilikuwamo nyota ziongezazo nuru na kuipunguza kwa zamu, nyingine kwa siku moja na kitu, nyingine kwa siku zaidi ya 100. Mwaka 1912 alionyesha, kwa nyota 25, ya kuwa zamu ikiwa ndefu nyota huwa na nuru kubwa zaidi. Kwa kuwa zote zilikuwa karibu sawa kwa umbali kutoka kwetu, tofauti hiyo ilikuwa ya nyota zenyewe. Basi kuhesabu siku kukawa ni kupima ukubwa wa taa. Ilibaki kupata umbali wa chache zilizo karibu, na Ejnar Hertzsprung wa Denmark akaijaribu kazi hiyo mwaka 1913.

Oktoba 1923 Edwin Hubble, kwa darubini ya inchi 100 ya Mount Wilson, California, aliona nyota ya namna hiyo katika Andromeda. Hesabu ilimpa umbali ambao nuru huukata kwa miaka 900,000 hivi. Andromeda, basi, ilikuwa galaksi nyingine, jumuiya ya nyota iliyo nje kabisa ya yetu. Vesto Slipher alikuwa amekwisha kuona, kwa kupambanua rangi za nuru, kwamba galaksi nyingi zatukimbia. Padre Georges Lemaître wa Ubelgiji alieleza mwaka 1927 ya kuwa ulimwengu wapanuka. Na mwaka 1929 Hubble akaonyesha kwamba galaksi iliyo mbali zaidi hukimbia kwa kasi zaidi.

Lakini hesabu zile ziliupa ulimwengu umri wa miaka milioni 2,000 tu, chini ya umri wa miamba ya dunia: mtoto akamzidi mama! Mwaka 1952 Walter Baade alitangaza ya kuwa nyota za kupimia ni za namna mbili, nazo zilikuwa zimechanganywa. Masafa yakawa maradufu. Leo Andromeda yahesabiwa kuwa mwendo wa nuru wa miaka milioni 2.5. Kwangu kosa hilo si la aibu, maana lilisahihishwa kwa kipimo kile kile.

Mwaka 1925 Gösta Mittag-Leffler, mwanahesabu wa Uswidi, alimwandikia Leavitt akikusudia kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobel. Barua ilimkuta amekwisha kufa tangu Desemba 1921, kabla kipimo chake hakijafika Andromeda.