Nani Mwenye Hadithi? Mtunzi na Mchezaji katika Michezo ya Kompyuta

Tunapofundisha fasihi simulizi husisitiza kwamba hadhira yake ni hai. Huitikia, huuliza maswali, huchangia wimbo, na hata humlazimu fanani kufupisha au kurefusha ngano. Katika fasihi andishi mambo ni tofauti: msomaji hawezi kuubadilisha msuko hata akilia machozi. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mvutano huu wa kale, baina ya mamlaka ya mtunzi na uhuru wa hadhira, umezuka upya katika utanzu ambao wengi wa wanafunzi wetu wanaufahamu kutuliko, yaani michezo ya kompyuta ambamo mchezaji huvaa uhusika.

Chimbuko la michezo hii ni mwaka wa 1974 nchini Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walipochapisha Dungeons & Dragons. Mchezo huo haukuhitaji mtambo wowote. Watu waliketi mezani, kila mmoja na mhusika wake, na mmoja wao akawa msimulizi. Msimulizi alieleza mandhari na hatari, wachezaji wakataja watakalotenda, nazo dadu zikaamua kama wamefaulu. Mchezaji akikataa kuingia pangoni na kuamua kwenda sokoni, msimulizi alilibuni soko papo hapo. Bila shaka huyu ni fanani.

Tatizo lilianza michezo ya aina hii ilipohamia kwenye kompyuta. Fanani aliondoka, na kila jibu likalazimika kuandikwa mapema. Hebu tupige hesabu. Iwapo kila hatua ina njia mbili, na kila njia inagawanyika mara mbili tena, baada ya hatua 10 tu pana miisho 1,024. Hakuna mtunzi awezaye kuiandika yote kwa ubora uleule. Hivyo basi, ilibidi kila mtunzi aamue ni uhuru upi atoe na upi auzuie.

Richard Garriott alitoa jibu mojawapo katika Ultima IV, mwaka wa 1985. Mchezo huo haumtumi mchezaji kumuua adui mkuu, bali humtaka akuze maadili manane, uaminifu ukiwa mojawapo. Mathalani, kuna muuzaji kipofu anayemwachia mnunuzi ahesabu sarafu mwenyewe. Mchezaji anaweza kumpunja, na hapo hapo hakuna amkaripiaye. Lakini mchezo huhifadhi kosa hilo kimya kimya, na baadaye mpunjaji hugundua kwamba njia ya ukamilifu imemfungia. Mtunzi hakuongeza matawi mengi ya hadithi. Alikipa kitendo kidogo uzito mkubwa.

Nchini Japani kampuni ya Square ilichukua mkondo tofauti. Katika Final Fantasy VII, ya mwaka wa 1997, mchezaji huchagua silaha na mbinu za vita, ila hatima si yake. Mhusika Aerith anauawa na Sephiroth, na hakuna ustadi wa mchezaji uwezao kumwokoa. Yamkini baadhi yetu wataona kwamba mtunzi amemnyang'anya mchezaji haki yake. Hata hivyo, unyonge huo ndio uliowaliza wachezaji wengi. Tanzia haiwezi kusimama pale ambapo kila msiba unaepukika.

Miaka mitano baadaye, mwaka wa 2002, Morrowind ilifika upande wa pili. Mchezaji aliruhusiwa kumuua karibu yeyote, hata mhusika anayebeba msuko mkuu. Afanyapo hivyo, mchezo humwarifu kwamba utabiri umevunjika, kisha humwachia achague: arudi nyuma, au aendelee kuishi katika ulimwengu alioubomoa. Uhuru huo ni mpana, lakini bei yake ni hadithi yenyewe.

Hatari ya kuahidi uhuru usiokuwepo ilidhihirika mwaka wa 2012. Kampuni ya BioWare ya Kanada ilikuwa imetoa Mass Effect kwa sehemu tatu tangu 2007, na maamuzi ya sehemu moja yalibebwa hadi nyingine. Mwisho ulipofika, wengi walilalamika kwamba maamuzi yao ya miaka mitano yalikuwa yamebanwa katika hitimisho chache zinazofanana. Mwezi wa Juni mwaka huohuo kampuni ilitoa nyongeza ya bure iliyoufafanua mwisho bila kubadilisha kiini chake. Walichodai wachezaji ni kwamba waliyoyatenda yaonekane kuwa na maana.

Ni bayana kwamba uhuru wa hadhira haupimwi kwa wingi wa njia bali kwa uzito wa matokeo. Hata ngano zetu zathibitisha hivyo. Hadhira huweza kuongeza kiitikio, ila Sungura hageuki mjinga kwa kuwa wasikilizaji wamependa. Kwa hivyo, mtahiniwa anayelinganisha fasihi simulizi na andishi asitosheke kuandika kwamba 'hadhira hushiriki'. Aonyeshe ni lipi lililo mikononi mwa hadhira, lipi fanani amelishikilia, na hadithi ingepoteza nini iwapo angeliachilia. Nasi walimu tusione haya kumruhusu atolee mfano mchezo anaoucheza nyumbani, mradi aujadili kwa istilahi za uhakiki.