Rangi Iliyofichua Bakteria wa Vidonda vya Tumbo

Leo tunaangalia jinsi chanzo cha vidonda vya tumbo kilivyojulikana.

Kwa miaka mingi hata madaktari waliamini kwamba vidonda huletwa na mawazo mengi na pilipili. Walisema hakuna bakteria anayeweza kuishi katika asidi ya tumbo. Mwaka wa 1979, mjini Perth, Australia, daktari Robin Warren alikuwa akipima kwa hadubini vipande vidogo vya ukuta wa tumbo. Rangi ya kawaida ya maabara, hematoksilini na eosini, ilionyesha uvimbe vizuri, lakini bakteria walionekana kwa shida. Alipotumia rangi ya Warthin-Starry, yenye madini ya fedha, walijitokeza weusi, wamejipinda. Mwaka wa 1982 yeye na Barry Marshall walifaulu kuwaotesha maabarani. Mwaka wa 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyo anaitwa Helicobacter pylori.

Rangi ya fedha ni ghali na ina kazi nyingi. Kwa hivyo maabara nyingi hutumia Giemsa, ambayo ni rahisi na ya bei nafuu. Rangi hiyo hutumika pia kupima malaria katika damu ya mtoto wako. Njia ya kutumia kingamwili zinazomshika bakteria huyu ina uhakika zaidi, ila gharama yake iko juu.

Mama, haya yanakuhusu vipi? Ukiwa unameza dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli, au antibiotiki, bakteria hupungua. Hata rangi nzuri inaweza kuwakosa, uambiwe huna, kumbe unao. Mwambie daktari dawa zote ulizomeza, hata za dukani. Kwa kawaida omeprazoli huachwa wiki 2 kabla ya kipimo, na antibiotiki wiki 4. Usiache dawa kabla ya kumwuliza.

Wakipatikana, utapewa antibiotiki pamoja na dawa ya asidi, mara nyingi kwa siku 14. Maliza dawa zote, hata maumivu yakiisha. Vidonda vingine huletwa na dawa za maumivu kama ibuprofeni, kwa hivyo usizimeze ovyo.

Ukiona choo cheusi kama lami, au ukitapika damu, usingoje kukuche. Nenda hospitali mara moja.