Pato na Mali: Funzo Kutoka Milima ya Upare



Wengi wetu tukisikia kuwa fulani analipwa mshahara mnono, husema hapo hapo: "Yule ni tajiri." Huko ni kuchanganya mambo mawili. Pato ni kile kiingiacho mkononi. Mali ni kile kibakiacho baada ya kula, kuvaa na kulipa madeni. Serikali ya kikoloni nayo iliwahi kuyachanganya haya, ikazusha mgogoro mkubwa huko Upare.

Katika miaka ya Vita Kuu ya Pili, Wapare walitozwa kodi mpya juu ya kodi ya kichwa, ikajulikana kwa jina la mbiru. Kila mtu alikadiriwa alichonacho, kisha akapangiwa kiasi cha kulipa. Mwenye ng'ombe ana mali, lakini ng'ombe zizini hazai shilingi kila mwezi. Ili alipe, huenda ikambidi amuuze mnyama mwenyewe. Watu wakalalamika kuwa makadirio si ya haki. Mwaka 1945 maelfu walishuka Same, makao ya wilaya, wakidai kodi ile iondolewe. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakajitokeza. Mwishowe kodi hiyo ikafutwa.

Sheria yetu haikukosea hapo. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, zaka ya fedha haitazami ukubwa wa mshahara, bali kilichofika nisabu na kupitiwa na mwaka mzima. Hapo hutolewa fungu 1 katika 40. Nafaka hutolewa zaka ikivunwa: fungu 1 katika 10 kwa iliyonyeshewa na mvua, na nusu ya hilo kwa iliyomwagiliwa kwa taabu. Mwenye mbuzi 40 wa malisho hutoa mbuzi mmoja, na mwenye ng'ombe 30 hutoa ndama. Kila mtu hutoa katika kile alichonacho.

Tupande sasa hadi Shighatini, katika nchi ya Ugweno. Katika milima ile watu wa kale walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukingia maji ya vijito. Usiku maji huzibwa, na mchana hufunguliwa yakaenda mashambani kwa mifereji, kila mtu kwa zamu yake. Kijito ni pato. Ndiva ni mali. Kijito kikubwa kinachopita usiku kucha bila ya kukingwa hakimfai mkulima asubuhi.

Kahawa ya milimani imetufundisha vile vile. Baridi kali ilipounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ya dunia ilipanda hata ikafika kileleni mwaka 1977. Mapatano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika mwaka 1989, bei ikaporomoka. Mkulima hakuwa na kauli katika kupanda wala kushuka. Aliyesomesha watoto au kununua shamba wakati wa neema, alibakiwa na kitu.

Nasi wa pwani tujitazame. Mtu hufanya kazi bandarini au Ghuba miaka 20, mshahara ukaishia katika vyakula, samani na harusi za kukopa. Siku kazi inaposimama, nyumba haina akiba hata ya mwezi mmoja. Jirani yake mshona kofia, mwenye minazi michache asiyodaiwa, hulala usingizi.

Wala hatusemi mtu afumbate. Ndiva haizibwi milele. Hufunguliwa, na jirani naye akapata zamu yake. Basi, ewe baba na mama wa nyumba, jiulizeni usiku wa leo: katika yaliyopita mikononi mwetu mwaka huu, ni kipi tulichokikinga, na nani tumemfungulia?

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, na akili ya kuitunza. Amin.